Mtoto Anayejua Kinachofuata

Mzazi anayeamua kuwawekea watoto ratiba nyumbani mara nyingi huanza na karatasi. Huchora mistari, huandika saa 11:30 kuamka, saa 10 jioni homuweki, saa 2 usiku kulala, kisha huibandika kwenye mlango wa friji au ukutani karibu na kalenda. Wiki ya kwanza nyumba nzima huifuata. Wiki ya pili umeme hukatika, baba hukwama kwenye foleni ya Ubungo, shangazi hufika kutoka mkoani bila taarifa, na karatasi hubaki pale pale bila mtu wa kuitazama. Mzazi huhitimisha kwamba ratiba ni mambo ya wenye nafasi, watu wa nyumba kubwa, gari, na kazi ya kutoka saa 9 alasiri.

Naona hitimisho hilo linawanyima watoto wengi kitu ambacho wazazi wao wanaweza kuwapa hata katika chumba kimoja cha kupanga. Kosa liko kwenye msingi. Karatasi ile imejengwa juu ya saa, na mtoto wa miaka minne hana habari na saa. Anachokijua ni mfuatano: tukishaoga tunakula, tukishakula tunapiga mswaki, tukishapiga mswaki tunalala. Faida karibu zote zinazotajwa kuhusu ratiba, kuanzia usingizi hadi utulivu na masomo, hutokana na watu wazima kuushika mfuatano huo leo, kesho na keshokutwa, hata pale saa zinaposogea kidogo. Na sehemu ya siku inayobeba uzito kuliko zote ni jioni.

Tuanze na mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokatana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachopima mzunguko wa saa 24 na kuuongoza mwili mzima: joto lake, njaa yake, usingizi wake. Kikundi hicho hujirekebisha kila siku kwa mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo huanza kutoa homoni ya melatonini, joto la mwili hushuka kidogo, na usingizi hukaribia. Mwanga mkali ukiendelea, melatonini huchelewa. Macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko ya watu wazima, kwa hiyo simu iliyo karibu na uso wa mtoto wa miaka mitano humfukuzia usingizi kuliko inavyomfanyia mama yake. Tena ni katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku ndipo mwili wa mtoto hutoa kiasi kikubwa cha homoni ya ukuaji.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa msaada ambao wengine hawana. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku mwaka mzima, na tofauti kati ya siku linapowahi zaidi na siku linapochelewa zaidi haifiki saa moja. Mombasa, Kampala na Bujumbura tofauti hiyo nayo ni ndogo. London mwezi Juni jua huzama saa 3:20 usiku, na mwezi Desemba huzama kabla ya saa 10 jioni. Mzazi wa kule humlaza mtoto kwa mapazia mazito wakati nje bado kweupe, kisha miezi sita baadaye huhangaika naye asisinzie kwa sababu giza limeingia kabla ya chakula. Kwetu giza huja kwa wakati wake. Watoto wa pwani walilelewa na magharibi: adhana ikisikika, mpira unaachwa, miguu inaoshwa, kila mtu ndani. Hata kwenye nyumba zisizo za Kiislamu amri ilikuwa ile ile, jua likizama mtoto asikutwe nje. Sababu walizopewa watoto zilikuwa nyingi, pamoja na za mashetani wa mbuyuni, lakini kwa mwili wa mtoto utaratibu ule ulikwenda sambamba na kazi ya melatonini. Tumeuacha bila kuweka mwingine mahali pake, na hilo ndilo linalonisumbua.

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, ukihesabu na usingizi wa mchana. Mwongozo unasisitiza pia kwamba saa za kulala na za kuamka zisibadilikebadilike. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12.

Tupige hesabu. Chukua mtoto wa darasa la pili anayeishi Mbezi na kusoma Upanga. Huamshwa saa 10:30 alfajiri ili basi la shule limkute kituoni saa 11:15. Ili apate saa 9, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa, anatakiwa awe ameshasinzia saa 1:30 usiku. Saa hiyo, katika nyumba nyingi, wali bado uko jikoni, taarifa ya habari ya saa 2 haijaanza, na tamthilia inayosubiriwa na kila mtu iko mbele zaidi. Mtoto analala saa 4. Amepata saa sita na nusu. Kwa siku tano za shule mwili wake unadai zaidi ya saa 12, deni ambalo Jumamosi haiwezi kulilipa kwa sababu kuna tuisheni.

Simama kituoni Kimara alfajiri ya siku ya shule utawaona: sweta limefungwa hadi shingoni, mkoba mkubwa kuliko mgongo, kichwa kimeegemea ubavu wa mama aliyeshika simu kumulika njia. Basi lenyewe huzunguka mitaa kadhaa kabla ya kushika barabara kuu, na mara nyingi mtoto anayepandishwa wa kwanza asubuhi ndiye anayeshushwa wa mwisho jioni. Kisha saa 4 asubuhi mwalimu humkuta ameweka kichwa juu ya dawati na kumwita mvivu. Au humkuta anarukaruka, anapigana, haketi. Hilo la pili huwachanganya wengi. Mtu mzima akichoka hupoa, lakini mtoto mchovu mara nyingi huchachamaa, hulia kwa jambo dogo, hakubali kuambiwa. Wazazi wengi wanaolalamika kwamba mtoto wao ni mtundu kupita kiasi wangefanya vizuri kuhesabu kwanza saa zake za kulala kabla ya kuhesabu makosa yake.

Kuna faida nyingine ya kuwahi kulala ambayo kwetu ina uzito kuliko kwa watu wa nchi za baridi. Mbu anayeeneza malaria huuma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Mtoto anayekaa sebuleni au barazani hadi saa 4 usiku huenda ameshaumwa kabla ya kuingia ndani ya chandarua, hata kama chandarua ni kipya na kina dawa.

Je, mfuatano wenyewe unasaidia, ukiacha wingi wa saa? Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha mama 405 na watoto wao wa miezi 7 hadi 36. Kundi moja liliendelea na mazoea yake. Jingine, kwa majuma mawili, lilifuata hatua tatu kila usiku: kumwogesha mtoto, kumkanda kwa mafuta, kisha jambo tulivu kama kumbembeleza au kumwimbia, na taa kuzimwa ndani ya nusu saa baada ya kuoga. Watoto wa kundi hilo walisinzia haraka zaidi, wakaamka mara chache zaidi usiku, na hali ya moyo ya mama zao ikawa bora. Utafiti huo ulidhaminiwa na kampuni inayouza bidhaa za kuogea watoto, na msomaji ana haki ya kulijua hilo anapoupima. Hata hivyo hatua zenyewe hazidai bidhaa yoyote. Bibi wa Tanga au Lamu anayemwogesha mjukuu kwa maji ya uvuguvugu, akamkanda kwa mafuta ya nazi, kisha akampakata huku akimwimbia, anazijua hatua zote tatu bila kufundishwa na mtu. Mwaka 2015 Mindell na wenzake walikusanya majibu ya mama 10,085 katika nchi 14, wakaona kwamba kadiri utaratibu wa kulala ulivyofuatwa usiku mwingi zaidi katika wiki, ndivyo usingizi wa mtoto ulivyokuwa mzuri zaidi.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Yvonne Kelly na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na taarifa za watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza waliofuatiliwa wakiwa na miaka 3, 5 na 7. Watoto ambao saa yao ya kulala ilikuwa haieleweki walionekana na matatizo zaidi ya tabia, kwa maelezo ya mama zao na ya walimu pia, na matatizo yaliongezeka kadiri miaka ya kulala ovyo ilivyozidi. Lakini wale waliohama kutoka saa zisizoeleweka kwenda saa zinazoeleweka, tabia zao zilitengemaa. Kwa maneno mengine, mzazi wa mtoto wa miaka 5 ambaye hajawahi kuwa na utaratibu wowote hajachelewa.

Tahadhari inahitajika hapa. Familia ambayo watoto hulala kwa wakati mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye kipato cha uhakika, amani kati ya baba na mama, na mtu mzima aliyepo nyumbani jioni. Watafiti hujaribu kuyatenganisha mambo hayo kwa hesabu, na hawawezi kuyatenganisha yote. Barbara Fiese na wenzake, waliopitia mwaka 2002 tafiti 32 za miaka 50 kuhusu taratibu na desturi za familia, walikuta taratibu hizo zikiandamana na afya ya watoto na mzazi kujiamini zaidi katika malezi, ila kuandamana si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Tena sehemu kubwa ya tafiti hizi ni ya Marekani na Ulaya. Ninachokichukua kutoka kwazo ni kidogo lakini cha uhakika wa kutosha: utaratibu wa jioni hauna madhara, gharama yake ni ndogo, na dalili zote zinaelekea upande mmoja.

Ukitoka kwenye usingizi unaingia kwenye jambo ambalo kila mzazi hulihisi hata bila utafiti, yaani kelele. Nyumba isiyo na mfuatano huendeshwa kwa amri. Kaoge. Nimesema kaoge. Zima hiyo TV. Mkoba uko wapi? Kila hatua ni mvutano mpya, na kila mvutano una mshindi na mshindwa. Mfuatano ukishakuwa mazoea, amri nyingi huondoka zenyewe. Mtoto hagombani tena na mama, maana anayemwambia aende kuoga ni jioni yenyewe.

Kuna nyumba moja Mbagala ninayoifahamu vizuri. Mama anauza supu na chapati stendi, na huondoka saa 10 alfajiri, kwa hiyo asubuhi ya watoto wake hana nafasi ya kuisimamia. Ameihamishia usiku. Jua likizama, maji yanabandikwa jikoni, beseni linatolewa uani, mdogo wa miaka mitano anaoga kwanza, kaka yake wa miaka kumi anafuata. Wanakula pamoja mkekani. Kaka anaosha vyombo viwili vitatu, mdogo anafuta meza ya daftari, na homuweki inamalizwa hapo hapo chini ya taa. Kisha sare zinatundikwa kwenye msumari, mikoba inawekwa mlangoni, na soksi zinaingizwa ndani ya viatu, kila soksi ndani ya kiatu chake. Alfajiri mdogo huyo, macho bado yamefumba nusu, hutia mkono kwenye kiatu na kukuta soksi. Hakuna anayetafuta kitu. Nilipomuuliza anajuaje kwamba muda wa kulala umefika, alinishangaa kidogo. "Neti ikishuka tunalala," akasema.

Nyumba hiyo haina saa ya ukutani.

Hapo ndipo naona jibu kwa wanaosema ratiba ni ya wenye uwezo. Mama yule hana mamlaka juu ya saa ya kuamka, hana mamlaka juu ya umeme, na siku nyingine hurudi amechelewa. Alichonacho ni vitu vichache ambavyo havibadiliki: beseni, mkeka, soksi, neti. Jioni ikisogea kwa saa nzima, mfuatano husogea nao ukiwa mzima. Mwenye nyumba ya ghorofa Mikocheni mwenye karatasi ya rangi kwenye friji, ambaye mtoto wake husinzia kwenye kochi mbele ya katuni na kubebwa kitandani, ana saa nyingi ukutani na hana hata kimoja kati ya hivyo.

Anayedhani ratiba ni saa autazame pia mwezi wa Ramadhani. Kwa usiku mmoja mpangilio wa nyumba hupinduka. Chakula cha mchana kinaondoka, futari inakuja baada ya magharibi, wakubwa wanakwenda tarawehe, alfajiri watu wanaamka kula daku. Kwa hesabu ya karatasi watoto wangepaswa kuvurugikiwa kabisa. Badala yake wengi huungoja mwezi kwa hamu, na mtoto wa miaka saba huomba mwenyewe aruhusiwe kufunga nusu siku. Mpangilio mpya unawezekana kwa sababu kila mtu anaushika: baba, mama, jirani, muuza vitumbua wa kona, mwadhini. Usingizi hupungua kweli na unahitaji kufidiwa mchana, hilo lisifichwe. Ila mtoto hapotezi uhakika wake, kwa sababu anajua kinachofuata na anaona watu wazima nao wanakingoja.

Sasa linganisha na mwaka 2020. Tanzania shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona na kufunguliwa zote Juni 29. Kenya watoto wote walirudi Januari 2021. Uganda ilikaa muda mrefu kuliko nchi nyingine zote duniani: shule zilizofungwa Machi 2020 zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Wazazi wengi waligundua katika majuma ya kwanza kwamba utaratibu waliodhani ni wa nyumba yao ulikuwa umeazimwa shuleni. Kengele ilipoondoka, kuamka kuliondoka, kifungua kinywa kikaungana na chakula cha mchana, na usiku ukageuka mchana. Nyumba zilizokuwa na mfuatano wake zenyewe, wa kazi za asubuhi, wa kusoma kidogo, wa magharibi, ziliyumba pia, lakini zilikuwa na mahali pa kurudi.

Somo hilo lilirudi kwa namna nyingine Machi 2023, Kamishna wa Elimu wa Tanzania alipozuia kwa waraka huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Malalamiko ya wazazi yalikuwa ya kweli: nani atamwamsha, nani atamsimamia homuweki, nani atakuwapo jioni? Mimi niliunga mkono waraka ule na bado nauunga mkono, kwa sababu mtoto wa miaka sita anahitaji kulazwa na mtu wake. Lakini maswali yale yalionyesha jinsi familia nyingi za mjini zilivyokuwa zimekabidhi malezi ya kila siku kwa matroni.

Kwa walio wengi, aliyekabidhiwa ni dada wa kazi. Ratiba ya mtoto ikiandikwa bila kumtazama dada, imeandikwa kwa wino wa maji. Yeye ndiye anayejua mtoto alikula nini saa 7 mchana na alilala saa ngapi. Mara nyingi naye ni msichana mdogo, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Mzazi anayemtaka adumishe utulivu wa mtoto kila jioni hana budi kumpa naye saa za kulala, siku ya kupumzika, na nafasi ya kusema kwamba utaratibu fulani hauwezekani. Wazazi wote wawili na dada wakikubaliana mfuatano mmoja, mtoto hapati upenyo wa kusema "baba ameniruhusu". Bibi akiwepo, akubaliane nao pia, ingawa bibi ataachiwa tu visa vyake viwili vitatu.

Siwezi kulizungumzia jambo hili bila kuwataja wasichana. Katika nyumba nyingi neno ratiba, kwa mtoto wa kike, lina maana ya kazi: kufagia kabla ya shule, kuchota maji, kupika jioni, kuosha vyombo baada ya wote kula, na kufungua daftari saa 4 usiku akiwa hoi. Kaka yake wa umri ule ule amemaliza homuweki, ametazama mpira, amelala. Kazi za nyumbani ni sehemu njema ya siku ya mtoto, zinamfanya ajione anategemewa, na mtoto wa miaka minne anaweza kabisa kupanga kandambili mlangoni. Zikigawiwa kwa jinsia, zinakuwa wizi wa usingizi na wa masomo ya mmoja kwa faida ya mwingine. Mzazi anayetaka kujua kama nyumba yake ina haki aangalie nani yuko macho saa 3:30 usiku na anafanya nini.

Upande wa pili kuna wazazi wanaopenda utaratibu kupita kiasi. Hawa huijaza siku ya mtoto kama gunia la mkaa linalosindiliwa hadi juu ya mdomo: shule, tuisheni, madrasa au mafundisho ya kipaimara, kuogelea Jumamosi, piano Jumapili. Mtoto wa namna hii ana ratiba kamili na hana siku. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, kama ilivyo katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 kuhusu haki za watoto. Kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne Shirika la Afya Duniani linataka dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na kwa wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku. Zamani hesabu hiyo ilijaa yenyewe kwa rede, kombolela, mdako na mpira wa makaratasi. Leo uwanja umejengwa fremu za maduka, na mchezo usipotengewa nafasi haupo. Muda wa kati ya kurudi shule na magharibi, kwa maoni yangu, ni wa mchezo, na tuisheni ya mtoto wa darasa la kwanza haina hoja inayoweza kuutetea mbele ya mchezo huo. Kuhusu skrini mwongozo wa 2019 uko wazi: kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora.

Jambo linalopuuzwa zaidi katika mazungumzo haya ni maongezi. Chakula cha usiku kinacholiwa pamoja, kwenye sinia au kila mtu na sahani yake, ndiyo nafasi pekee ya siku ambapo mtoto husikia watu wazima wakisimulia, wakibishana, wakicheka. Hapo hujifunza lugha, na hapo huropoka lililompata shuleni bila kuulizwa. Hadithi ya kabla ya kulala ina kazi hiyo hiyo. Mkubwa anasema paukwa, watoto wanajibu pakawa, na wote wanajua kwamba baada ya hapo hakuna tena kurudi sebuleni.

Kuna watoto ambao kwao utaratibu ni sehemu ya tiba. Mtoto mwenye usonji anaweza kuvurugikiwa kabisa njia ya kwenda shule ikibadilishwa bila kuambiwa, na mfuatano usiobadilika, ukionyeshwa hata kwa picha, humpa utulivu wa kufanya mengine. Mtoto mwenye kifafa huhatarishwa na mambo mawili ambayo nyumba isiyo na utaratibu huyazalisha kwa wingi, kukosa usingizi na kusahau dozi. Mwenye selimundu anahitaji dawa zake na maji ya kutosha kila siku, pamoja na siku anazojisikia mzima. Dawa iliyofungamanishwa na jambo la kila siku, kwamba hunywewa baada ya uji, husahaulika mara chache kuliko iliyoandikwa "mara moja kwa siku".

Anayetaka kuanza, aanze na kitu kimoja cha jioni, na akiache kikae kabla ya kuongeza cha pili. Philippa Lally na wenzake, pia wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 waliwafuatilia watu wazima 96 wakijijengea mazoea mapya, na kwa wale ambao takwimu zao zilitosha kukadiria, kadirio la katikati lilikuwa siku 66, kuanzia siku 18 hadi zaidi ya 200. Kukosa siku moja hakukuharibu chochote. Safari ya kwenda Moshi mwezi Desemba, msiba, harusi, ugonjwa, vyote vitakatiza mfuatano, na mtoto hurudi ndani yake haraka kuliko mzazi. Kadiri anavyokua, aachiwe sehemu zake: mtoto wa miaka tisa achague kama homuweki inatangulia chakula au inafuata. Akifikia balehe mwili wake wenyewe husogeza usingizi mbele kwa saa moja au zaidi, na kumlazimisha alale saa 2 ni kupigana na homoni. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza mwaka 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi.

Hapo nyumba inafika mwisho wa uwezo wake. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zinasema masomo ya kutwa yaanze saa 2 asubuhi, na bado Nairobi watoto wako barabarani gizani, kama ilivyo Dar es Salaam. Mama wa Mbagala anaweza kushusha neti mapema kadiri anavyoweza, lakini hawezi kumpa mtoto usiku mrefu kuliko ule ambao basi linamwachia. Vikao vya wazazi vya mwanzo wa mwaka huzungumza ada, sare na mitihani ya majaribio. Mtoto wa kwanza kwenye kila basi anapanda saa ngapi? Swali hilo liwekwe kwenye ajenda, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Shule inaweza kugeuza mzunguko wa basi kila muhula, anayechukuliwa wa kwanza muhula huu awe wa mwisho muhula ujao. Hilo halihitaji basi jipya wala dereva mpya.